Mke Mwenza Ndani ya Redio

Nilipokuwa mtoto, katika fleti yetu ya mtaa wa Al Khuwair, huku Uarabuni, bibi yangu alikuwa na mke mwenza asiyeonekana. Aliishi ndani ya redio ya kanda ya babu.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, babu aliweka mchezo wa redio wa zamani, katika zile kanda alizoletewa na nduguze kutoka Unguja. Humo mlikuwa na mwanamke aitwaye Mwanaidi, mwenye sauti ya taratibu, anayemngoja mumewe. Babu aliinamisha kichwa akamjibu kama yupo naye chumbani: pole, mama, vumilia. Bibi alimsikia kutoka kwenye mkeka wa jikoni, alipokuwa akinisuka nywele.

"Mie nikimwambia mgongo unaniuma, hasikii," aliniambia. "Yule akikohoa tu, roho inampaa."

Aliamini yule si mtu. Tangu utotoni alisikia habari za majini ya kike yanayopenda waume za watu, na mwanzo wake huwa sauti.

"Litamchukua mtu wa nyumba hii," alisema. "Utakuja kuniambia."

Siku moja, babu akiwa msikitini, bibi akatia ubani kwenye chetezo, akaizungushia redio moshi huku akisoma aya alizozihifadhi. Babu akaingia kabla hajamaliza. Akauliza anamfukiza nani.

"Mke mwenzangu," bibi akajibu bila kugeuka.

Babu hakucheka. Alikaa, akabonyeza kitufe. Bibi naye akakaa, apate kujua kama dawa imeingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikiliza mchezo ule ametulia. Mume wa Mwanaidi alikuwa amesharudi safari. Mwanaidi akamwita, akamwita tena, na yule bwana kimya.

"Mwache huyo," bibi akaiambia redio. "Hana masikio."

Babu akaizima. Moshi ukiwa bado umetanda, akamwuliza bibi kama mgongo bado unamuuma.

Tangu siku ile wakawa wanasikiliza pamoja, bega kwa bega. Mie nikabaki mkekani, nywele zimesukwa upande mmoja, namchukia Mwanaidi kwa moyo wote. Bibi alionya kweli, ila aliyechukuliwa ni yeye.

Sasa babu hayupo tena. Mie nimesomea ushairi chuoni, na kanda zote nimezihamishia kwenye simu ya bibi. Ijumaa iliyopita nilimsomea shairi langu jipya, nililolihangaikia mizani yake wiki nzima. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mashaallah, mwanangu," akasema. "Haya, niwekee Mwanaidi."

Nikamwekea. Akafumba macho, na ile sauti ilipoanza kumngoja mume, bibi akaanza kuijibu polepole, pole, mama, vumilia, kama alivyokuwa akisema babu. Nilikaa pembeni na karatasi yangu mkononi. Shairi langu hata moja hajawahi kulijibu.