Kichwa cha Samaki ni cha Baba

Rotia alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia asubuhi atajiuliza unataka nini, ukimpelekea nazi atazitikisa moja moja kabla hajakushukuru. Majirani zake wa kijiji cha Tebwanga walikwisha kumzoea, na kwenye karata walimtaka awepo, maana hakuna aliyethubutu kuiba mbele ya macho yale. Lakini katika watu wote wa kisiwa, aliyemshuku zaidi alikuwa baba yake mzazi, mzee Tongauea, waliyekaa naye nyumba moja. Ugomvi wao, ambao haukuwahi kusemwa kwa sauti, ulikuwa juu ya kichwa cha samaki.

Katika nyumba ile hakuna aliyetia mkono kwenye sahani kabla ya mzee. Kichwa kilikuwa chake, na maini yalikuwa yake. Atakaa kwenye buia, lile jukwaa lao la kukalia lisilo na kuta, atakula polepole huku akitazama maji ya ndani ya kisiwa, na wengine wote wanameza mate. Akimaliza hasemi neno. Watoto watalala chali kwa njaa, wali utapoa, ndipo atakapokumbuka kusema, "Haya, kuleni."

Hizo ndizo zilikuwa siku njema. Siku mbaya mzee alikiweka kile kichwa chini, akasema, "Huyu ni wangu wote," akambeba samaki mzima mpaka nyuma ya mikadi na kurudi mikono mitupu. Nyumba nzima ikala babai, yale magimbi yao ya mashimoni, pamoja na nazi. Rotia alilia sana utotoni kwa ajili ya samaki wale. Kijijini walimwita baba yake Matumbo Mawili, mbele yake na nyuma yake, na mzee hakukasirika hata siku moja. Hilo nalo Rotia alilishuku. Mtu gani anaitwa mlafi akacheka?

Kilichomuuma zaidi kilimhusu mama yake. Kaka yake Kabuta, mtoto wa kwanza, alikufa Rotia akiwa bado anabebwa mgongoni. Iliaminika kwamba pepo wa mwambani ndiye aliyemchukua. Tangu msiba ule mama hakugusa samaki mpaka naye akaingia kaburini, na wote walijua ni uchungu wa mwanawe. Mama anafunga kwa majonzi, baba anajaza tumbo. Rotia hakuweza kumsamehe. Alimpikia, akamfulia na kumwekea maji juani kwenye beseni, maana mzee, kwa madaha yake, hakuoga maji ya kisima mpaka yapate joto la jua kama bibi arusi. Alimfanyia yote hayo, ila moyoni alikuwa mbali naye.

Basi mwaka ule idara ya uvuvi ilimtuma mama mmoja kutoka Tarawa, Nei Kinaua, aje kuwafundisha juu ya sumu ya samaki. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mzima mmoja kwenda kumsikiliza kwenye maneaba, jumba la mikutano. Rotia alikwenda akiwa na hakika kwamba ni ujanja wa kuwakataza kuvua ili mwamba wapewe wageni. Akakaa nyuma kabisa, karibu na nguzo, akisubiri uongo wa kwanza.

Haukuja. Yule mama alieleza taratibu kwamba penye mwamba uliovunjwa huota kitu kidogo mno, samaki wadogo wanakila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inapanda hivyo hivyo. Haina harufu wala rangi. Moto hauiui. Inzi wanatua juu ya samaki huyo kama kawaida, akasema, na hapo wanawake wakanung'unika, kwa kuwa tangu enzi za bibi zao inzi ndio waliokuwa wakaguzi wao. Inajaa zaidi kichwani, kwenye maini na kwenye mayai. Aliyeila midomo humchonyota, na maji ya baridi humuunguza kama moto. Na ambaye imewahi kumpata, safari nyingine kiasi kidogo sana kinatosha kumwangusha.

Mwisho akawaomba kila mmoja akawafundishe wa nyumbani kwake. Rotia hakumfundisha mtu. Alikuwa ameingia mle akiwa na woga wa kawaida, wa pepo na wa mawimbi, akatoka na mwingine usiokuwa na dawa. Akaanza kumtazama kila samaki kama mgeni aliyekuja na lake moyoni. Akitia tonge mdomoni koo linakataa. Mumewe Uriam, ambaye ndiye mvuvi, aliona ametukanwa.

"Mama Meere, samaki wangu wamekukosea nini?"

"Tumbo tu."

"Tumbo gani linalokubali wali likakataa samaki?"

Siku moja, akiwa anaosha vyombo, alimwona baba yake anachovya kidole kwenye beseni kabla ya kunawa. Alichovya akakitoa, akachovya tena. Rotia akasita, sahani mkononi. Kichwa. Maini. Maji yaliyokaa juani. Usidhani alimwonea huruma hapo hapo. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Alichowaza ni kwamba kama mzee alikuwa anajua, basi miaka yote aliwaacha wakala bila ya kuwaambia. Baba gani anaficha jambo kama hilo? Akaamua kumvizia mpaka amnase.

Haikuchukua muda. Uriam alirudi na ingo, samaki wa mwambani, mkubwa, mwekundu, wa kujivunia, aliyemvua upande wa gati, pale mawe yalipovunjwa ili mashua zipite. Wakamchoma. Mzee akachukua kichwa, akala kipande kidogo cha ini, akatulia. Rotia hakumwondolea macho. Meere, binti yao, alikuwa anajigaragaza kwa njaa. Mzee akalamba midomo. Akailamba tena, kisha akaomba maji.

Rotia akamletea ya kisima, ya baridi, kwa makusudi. Mzee akagusa kikombe kwa kidole, akaurudisha mkono upesi. Akainua macho wakatazamana.

"Huyu ni wangu wote," akasema, akajikongoja na samaki wake kuelekea mikadini. Meere akasema kichinichini kwamba babu ni mlafi. Uriam aliuma meno, kwa kuwa mkwe ni mkwe.

Rotia akamfuata. Alimkuta amepiga magoti, anachimba mchanga kwa kifuu cha nazi. Ingo alikuwa pembeni yake, nyama yake haijamegwa.

"Umekuja kunikamata," mzee akasema bila ya kugeuka.

"Wote ulikuwa unawazika?"

"Ulidhani nawala? Na mwili huu ulivyokonda?"

Rotia akamuuliza alijua tangu lini. Mzee akaendelea kuchimba, na akiwa anachimba akamwambia. Zamani alikuwa amevua mkunga mnene mwambani. Kichwa alimpa Kabuta kwa mapenzi, mtoto wake wa kwanza, na asubuhi yake mtoto hakuamka. Habari za pepo alizianzisha yeye mwenyewe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa ukweli.

"Mama," Rotia akasema.

"Mama yako. Akawa anakuchokoa tonge mdomoni kwa kidole. Ulikonda mpaka bibi yako akaja kukuchukua. Kisiwa hiki, mwanangu, ukiacha samaki utakula nini? Mchanga?"

"Ungetuambia tulipokuwa wakubwa."

"Wewe si umeambiwa?" Sasa aligeuka. "Unakula?"

Rotia akamwambia, badala ya kujibu, maneno ya yule mama wa Tarawa, kwamba mwenye kupata sumu mara moja hata kidogo kinamwangusha, kwa hiyo yeye ndiye asiyefaa kuonja kuliko wote.

"Ndiyo nafaa," mzee akasema, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. "Mimi naisikia upesi. Wewe utamaliza samaki mzima ukijiona mzima, na watoto watakuwa wamekwisha kula."

Hakuweza kusimama. Rotia alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Alilia njia nzima, kwa hasira na kwa aibu ya chuki yote ile aliyoitunza. Nesi alikuja, akampa alichokuwa nacho, akasema mwili huu hautavumilia mara nyingine. Uriam naye akaambiwa kila kitu. Akaapa kwamba upande wa gati hatatia ndoana tena, na samaki mkubwa kupita kiasi atamrudisha baharini. Lakini wote wawili walijua kwamba hakuna upande wa bahari unaoweza kuapiwa.

Mzee alipopata nguvu za kukaa, Uriam alileta samaki kutoka upande wa mbali. Sahani ikawekwa. Mzee akanyoosha mkono kama siku zote, na Rotia akaivuta sahani kwake. Ilikuwa utovu wa adabu, hata jirani aliyekuwa anapita akageuza shingo. Akakivunja kichwa. Hakuwa amemeza samaki tangu siku ya maneaba, lakini alikula, akala ini lote, akala kingi kuliko baba yake alivyokuwa akila, kwa kuwa mwili wake ulikuwa bado mgeni wa sumu hiyo na kidogo kisingemwambia kitu.

Mzee akageukia bahari, na mashavu yake yalikuwa yameloa.

"Mama, na wewe umekuwa kama babu," Meere akasema. Alimtazama mama yake kwa macho makavu, ya kushuku, na Rotia aliyajua macho yale vizuri.

"Tule?" Meere akauliza baada ya muda.

"Bado," Rotia akasema, akiisikiliza midomo yake.