Mposaji Aliyeshuka Garini

Hebu mwone Otsile Mokgatlhe anavyofika: gari limesimama nje ya ua wa akina Thuso hapa Mahikeng, Afrika Kusini, asubuhi mbichi ya Jumamosi, naye hatulii kitini. Anafunga tai, anaifungua. Wajomba zake wako ndani wanamposea Thuso, na kwetu mwenye kuposa haukanyagi ua ule mpaka aitwe.

Ni mwanadiplomasia mwenye miaka kumi na tisa kazini huyu. Alianzia Windhoek akigonga mihuri ya viza, akapanda hadi kuwa mshauri wa ubalozi Lisbon. Kila kituo, siku ya kwanza, aliwaambia wenzake: mpenzi wangu ni mwanamume. Balozi mmoja alimtaka amwandike Thuso kuwa binamu kwenye orodha ya dhifa. Akakataa. Akatupwa masjala mwaka mzima.

Sasa Jumanne anahamia Montevideo. Wakikubaliwa leo, Jumatatu wanafunga ndoa serikalini na Thuso anasafiri kama mume. Wasipokubaliwa, Thuso anabaki.

"Mjomba Ratsebe akikosea neno je?" alimuuliza dada yake, Gaone, aliyekuwa kwenye usukani.

"Tulia, bwana! Mataifa unayaweza, kukaa garini kumekushinda?"

"Mataifa hayana mashangazi."

Akashuka. Akavuka ua, akaingia hadi sebuleni. Mjomba Ratsebe akajifunika uso kwa kofia.

"Hee!" akasema mzee mmoja wa akina Thuso. "Siku hizi bwana harusi anajiposea? Hawa wajomba umewaleta wa nini, mapambo?"

Habari ya mwanamume kumposa mwanamume walikwisha kuimeza, kwa machozi na kwa miezi. Hii ya kudharau desturi ndiyo iliyowakwama kooni. Wakaanza kuinuka.

Shangazi Keitumetse, mkubwa wa akina Thuso, hakuinuka. Alimtazama Otsile, akamtazama tena.

"Mwanangu, mlango wa jikoni uko wazi. Pita huko sasa hivi, nami sijaona mtu humu, tutaendelea tulipoachia. Ukibaki, basi nimekuona, na wenzangu hawa wanakwenda zao."

Otsile aliutazama mlango wa jikoni. Tangu ujana wake hajakubali kuwa mtu asiyeonekana. Na kule jikoni Thuso ameshika birika la chai, anasikia kila neno.

Niambie, ndugu msomaji: wewe ungepita?