Nane ya Kalunde

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwambia mtoto aliyepata kwamba amekosa. Nalitaja hili mapema, vijana wangu, msije mkadhani nilianza vizuri.

Nilikuwa fundi sinema wa serikali pale Tabora, wakati wa Mwingereza. Kazi nilijifundisha mwenyewe nyumbani kwetu Gongoni, kwa kufungua na kufunga projekta mbovu iliyotupwa. Kwa hiyo niliishi na hofu ya kugundulika kuwa sijui. Kila skrubu niliikaza mara tatu.

Bwana Mkaguzi, Mwingereza aliyesimamia shule za msingi, alinipa onyo moja. "Fundi, usisimamishe filamu mbele ya taa. Taa ile ni moto. Filamu itaungua, na ninayo hiyo moja tu."

Shule ilikuwa Ntalikwa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka ukutani, tukawasha jenereta nje, watoto wa darasa la kwanza wakakaa sakafuni. Filamu ilionyesha mkono wa Mzungu ukihesabu kidole kimoja kimoja. Nane ilikuwa mkono mzima na vidole vitatu.

"Nani ataonyesha nane?" nikauliza.

Kalunde, binti wa miaka kama saba, akainua vidole vinne huku na vinne huku.

"Siyo hivyo. Tazama picha." Lakini picha ilikwisha kufika kumi.

"Kalunde, madole gumba yako yameliwa na panya?" mwenzake akamtania. Darasa likacheka. Kalunde akaikalia mikono yake.

Baadaye Mwalimu Mkuu, mzee wa Kinyamwezi mwenye sauti ya chini, akaniita pembeni.

"Kijana, nne na nne ni ngapi?"

"Nane, Mwalimu."

"Bibi yake anaionyesha hivyo. Hata mimi. Sasa leo umemfundisha nini?"



Niliporudi wiki iliyofuata, Mwalimu Mkuu aliniambia Kalunde hahesabu tena; akiulizwa ananyamaza tu. Nikaitoa filamu kwenye projekta, nikawasha taa peke yake. Kisha nikachuchumaa mbele ya yule mtoto.

"Kalunde, siku ile nilikosa mimi. Nane yako ilikuwa sahihi."

Akanitazama. "Mtu mzima naye anakosa?"

"Anakosa sana."

"Na yule Mzungu wa kwenye picha?"

"Yule ana nane yake. Mimi naitaka yako."

Akasimama kwenye mwanga, akatoa mikono taratibu. Vivuli vya vidole vinne na vinne vikatanda kwenye shuka, vikubwa kama milango. Darasa zima likahesabu kwa sauti, na yule aliyemtania akaruka: "Na mimi! Na mimi!" Tulihesabu vivuli mpaka petroli ya jenereta ikaisha.

Bwana Mkaguzi alisoma taarifa yangu mara mbili.

"Filamu hukuonyesha?"

"Sikuonyesha, Bwana."

"Na petroli?"

"Imekwisha."

Akafungua kalamu yake.

"Watoto walihesabu?"

"Walihesabu, Bwana. Hata Kalunde."

Akatia sahihi.

Nilipelekwa Ziba, kisha shule za kando ya njia ya zamani ya misafara. Kila mahali nilianza na taa tupu na mikono ya watoto, filamu ikafuata.

Sasa nimestaafu, na kitukuu changu anajifunza kujumlisha kwa video za kwenye simu ya mama yake. Akikwama, mama anaigusa, picha inatulia, wanahesabu pamoja kwa vidole vyao. Siku hizi picha ikisimamishwa haiungui.