Bi Tulia na Gari Lililoachwa Kwenye D

Waliomjua walimwita Bi Tulia, na jina hilo hakulipata kwa upole. Alikuwa dereva wa teksi mwenye ulimi mkali na mabega kama ya mpakia mizigo. Abiria akibamiza mlango wake, alisemwa mpaka afike aendako. Gari lake lilikuwa la otomatiki. Kila alipomaliza kurudi nyuma na kutaka kwenda mbele, alikanyaga breki mpaka gari likasimama kabisa, akaliambia, "Tulia kwanza," ndipo akasogeza gia. Akifika, mguu kwenye breki, gia kwenye P ya kuegeshea, breki ya mkono juu, funguo mfukoni. Hata kama anashuka kununua maji tu.

Dada yake mkubwa, mwenye duka la kuuza na kushona viatu, alimcheka sana. "Gari unalifunga kama mbuzi mwizi," alimwambia.

Lakini wote wawili walijua ilikotoka tabia hiyo. Siku moja zamani baba yao alishuka kufungua geti la nyumbani, gia akaiacha kwenye N, ile isiyoshika magurudumu, pale penye mteremko. Gari likamfuata polepole, likambana kifua kwenye geti. Bi Tulia, wakati huo msichana anayefua uani, alikimbia na kulisukuma kwa mikono yenye povu la sabuni. Halikusogea hata kidogo. Mzee alikata roho akimtazama.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa jua kali, mwanamume mwenye koti la bluu aliketi kiti cha mbele, akaomba apelekwe mtaa wa karakana. Walipofika, Bi Tulia aliegesha, akaweka gia kwenye P. Injini ilikuwa bado inanguruma alipogeuka na kukuta kisu.

"Shuka, mama. Niachie gari."

"Mwanangu, weka hicho kitu chini tuongee..."

Hakumaliza. Kisu kilipasua mkono wake wa kushoto kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Alipiga kelele, akampiga yule mtu ngumi ya pua kwa mkono mzima. Akapigwa teke la ubavu, mlango ukafunguka, akaanguka barabarani kwa mgongo.

Mwizi alihamia usukani. Huyu alizoea magari ya klachi. Akavuta gia, ikagoma, kwa sababu hakukanyaga breki. Akatafuta klachi kwa mguu wa kushoto, akaikuta breki, gia ikaachia, ikaangukia R ya kurudi nyuma. Akakanyaga mafuta akidhani anakwenda mbele. Gari liliruka nyuma, likavunja meza ya fundi wa vyuma na kumgonga mdogo wake fundi aliyekuwa ameinama akipima bomba. Watu walisikia mfupa.

Kabla gari halijasimama, akaisukuma gia hadi D ya kwenda mbele. Chini ya gari kukasikika mlio wa chuma kwa chuma. Gari likaruka mbele, likavuka barabara na kugonga pipa la taka lililoegemea ukuta wa ghala. Mwizi akatoka, damu zinamtiririka puani, gia ameiacha vilevile. Huku watu, huku watu. Akapanda juu ya pipa ili aruke ukuta. Pipa likapinduka. Akaanguka katikati ya ukuta na gari, na gari, lisilo na mguu juu ya breki, likasogea mbele na kumbana mapajani.

Mlio alioutoa uliwasimamisha watu wote isipokuwa fundi wa vyuma. Fundi alikuja na nondo mkononi, damu ya mdogo wake kwenye shati. Alimpiga mwizi nondo ya bega, akainua tena, kisha akaitupa. Alikuwa ameona njia nyingine. Akaingia kwenye gari, akaketi nyuma ya usukani.

"Mmalize!" mtu akapaza sauti. "Mkanyagie mafuta!"

Bi Tulia alikuwa amejikokota mpaka hapo, kitambaa cha kichwa amekifunga mkononi, kimelowa chote. Alimwona fundi akinyanyua goti. Akafungua mlango wa abiria, akajitupa ndani kwa tumbo, akaupiga mkono wa gia kwa kiganja.

N.

Fundi akakanyaga. Injini ikapiga mayowe mpaka boneti ikatetemeka, lakini gari halikusogea.

"Toka hapo, mwanamke!"

"Gari langu haliui mtu!"

Fundi akamshika nywele na kumgonga kichwa kwenye dashibodi. Alipotaka kurudisha gia, Bi Tulia aling'ata mkono wake, meno yakazama, na hakuachia mpaka fundi mwenyewe akajirusha nje akilia. Alilia kwa kelele, kama mtoto, akaketi chini kando ya gurudumu.

Hapo ndipo Bi Tulia alipohamia usukani. Macho yake yalikuwa yanaona giza. Mguu kwenye breki. R. Akaachia breki kidogo kidogo, gari likarudi nyuma, mwizi akaporomoka. Breki tena. P. Breki ya mkono. Akazima.

"Mkanda!" akawaambia watu. "Mfungeni paja kwa mkanda damu ikome, mmesimama kama sanamu!"

Kisha akazimia.

Mwizi alikatwa mguu mmoja, na bado akahukumiwa kifungo. Bi Tulia alitoa ushahidi dhidi yake bila kumung'unya maneno. Mdogo wake fundi alipona, ila anatembea kwa gongo. Fundi mwenyewe alimfuata Bi Tulia hospitalini, mkono umefungwa bandeji.

"Ungeniacha, dada," alisema. "Bado moyo wangu unataka afe."

"Ningekuacha, leo ungelala selo na mzimu wake. Nani angemwogesha mdogo wako?"

Fundi aliketi hapo mpaka wauguzi wakamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Bi Tulia havikunjiki tena. Gia anaisogeza kwa kiganja. Siku aliyorudi kazini alikaa kwenye gari uani, injini inanguruma, mguu umekakamaa kwenye breki, na hakuweza kuondoka. Jasho lilimtoka kana kwamba amemwagiwa maji. Dada yake alimtazama dirishani, akaenda kufunga duka la viatu, akarudi, akaingia kiti cha mbele na aproni yake, nyundo ya kugongea soli mapajani.

"Twende," alisema. "Leo wateja wote watakaa nyuma."