Unyenyekevu kwa Alama Tano

Jumatatu ya tarehe 12 Februari 2024, Dk. Projestus Rugaibula aliteuliwa kuwa Mratibu wa Upimaji wa Matokeo ya Ujifunzaji katika Chuo Kikuu cha Kikristo Betania, Bukoba. Kabla ya hapo alifundisha takwimu, na wanafunzi walisema alizaliwa na tai shingoni.

Betania imeandika ukutani, karibu na lango, mambo inayoahidi kuhusu mhitimu wake. Mengi hupimika kwa mtihani. La mwisho linasema mhitimu atakuwa mtumishi mnyenyekevu, na waratibu waliotangulia walilipita kimya kimya, kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa. Rugaibula hakulipita. Kupima unyenyekevu Bukoba, mji ambao mtu akinunua viatu vipya huchagua njia ndefu ya kwenda kanisani, kunataka mtu asiyejitilia shaka hata kidogo. Chuo kilikuwa kimempata.

Mpango wake ulikuwa huu: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akakae wiki moja na familia ya wakulima wilayani Muleba, na mwenyeji ampe alama, moja hadi tano, kwa moyo wake wa utumishi. Chini ya tatu, hakuna kuhitimu. Mwaka wa kwanza karibu wote walipata tano. Rugaibula akaandika mada kuhusu mafanikio hayo, ikakubaliwa kwenye mkutano wa wanataaluma Dodoma.

Mwaka uliofuata Julius Karugendo alipata moja.

Julius ni mtoto wa mama lishe wa kata ya Bakoba, hapo hapo mjini, na mamlaka moja ya maji ilikuwa imemwahidi kazi ya uhasibu, ilimradi ahitimu Novemba. Alifika ofisini kwa mratibu akaeleza kwamba kwa mwenyeji wake hakuna kazi aliyoiacha.

“Mwenyeji amekupa moja,” Rugaibula akamjibu. “Namba haina chuki na mtu, kijana wangu.”

Hata hivyo kanuni za rufaa zilimtaka mratibu aende mwenyewe. Akaenda Nshamba, huko Muleba, kwa gari la chuo, dereva akiwa Shaban, hadi kwa mwenyeji wa Julius, Mama Klaudia, mjane Mkatoliki mwenye kahawa na migomba ya kutosha kusemwa vizuri. Alikaribishwa inavyopasa. Alipewa kiti chenye kitambaa, akaletewa akamwani, zile kahawa za kutafuna, kisha ebitoke, ndizi za kupika, kwa samaki. Alimaliza sahani ya kwanza, akakubali ya pili. Ndipo akauliza kosa la Julius.

Mama Klaudia alieleza kwa uchungu. Asubuhi ya kwanza kijana alimnyang'anya mkwewe, Kemilembe, kisu, akachuchumaa jikoni kumenya ndizi. Akafagia uwanja. Akabeba ndoo kupita kwa majirani, akiwasalimia mmoja mmoja. Haikufika Jumatano, Nshamba nzima ikawa inasema Klaudia amepelekewa mgeni akamgeuza mkwe.

“Mgeni, waitu, tena mwanamume, anamenya ndizi nyumbani kwangu? Watu waliniuliza kama wakwe zangu wamenikimbia.”

Rugaibula akamtaja Lilian, aliyekaa hapo mwaka wa kwanza akapata tano.

“Yule alilelewa,” Mama Klaudia akasema. “Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alikula, akashukuru, akalala mchana.”

Kalamu ya mratibu ikasimama. Yeye ni mtu wa takwimu, na takwimu zilimjia zote kwa pamoja: zile tano zilikuwa za waliokaa. Betania ilikuwa imepima nani anajua kukaa kitini. Rugaibula amekulia kijijini Kanazi, karibu na Bukoba, na tangu utoto alijua mgeni wa heshima hagusi kisu cha jikoni. Alilijua kama mtoto wa Kanazi. Kama daktari, hakuwa amelijua.

Akatafuna kahawa nyingine. Kama Julius ameonewa, basi zile tano zote ni za uongo, pamoja na mada ya Dodoma. Alilitazama jambo hilo kwa muda, hakulipenda. Badala yake akauliza, kama mzaha, yeye angepata ngapi.

“Wewe, Dakitari? Tano. Hata sahani hukunyanyua.”

Njiani alimwambia Shaban kwamba amepata tano. Shaban akampongeza, kisha akauliza kama madereva nao wanapimwa.

“Maana mimi nimekaa garini mchana kutwa, Daktari. Sijagusa kitu.”

Rugaibula akafungua redio.

Kwenye Seneti alieleza kwamba kipimo kimehakikiwa mahali penyewe, na kwamba mwanataaluma mmoja mwandamizi amejaribiwa nacho akapata alama ya juu kabisa. Wajumbe wakapiga makofi. Alama ya Julius ikabaki.

Alipomwita kumpa uamuzi, kijana alitaka kujua jambo moja tu.

“Kwa hiyo niende nikakae?”

“Ukae kwa unyenyekevu,” Rugaibula akamwambia, na wala hakuwa anatania.

Julius hatahitimu Novemba, na mamlaka ya maji imeshatafuta mhasibu mwingine. Mwezi Machi atarudia wiki yake ya unyenyekevu, safari hii Kanazi, kwa shangazi wa Dk. Rugaibula.