Alama za Mikononi

Watoto waliojaliwa kusema walimwita Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni: taratibu na kijiko, taratibu na ngazi, taratibu na mlango wa choo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa msaidizi katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Aliwalisha, akawaogesha, akawabadilisha nepi hata wale waliokwisha kuvunja ungo, na akala makofi mengi ambayo hakuna aliyeyakusudia. Mgongo ulimuuma kama wa mchukuzi wa magunia.

Miongoni mwao alikuwepo binti wa miaka kumi na mmoja waliyemwita Kipepeo, maana akifurahi viganja vyake hupepea. Hakuwahi kutamka neno. Jumatatu moja asubuhi, Bi Taratibu akimnawisha, aliona alama nyekundu zimezunguka vifundo vya mikono yake. Mikono yenyewe ilikuwa imetulia tuli, na utulivu huo ndio uliomtisha zaidi.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la shule. Na dereva wa basi alikuwa mdogo wa mume wa Bi Taratibu, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Alimkuta anafuta kioo cha mbele.

"Shemeji, umemfunga yule mtoto?"

Hakukana. "Anafungua mlango gari likitembea. Msaidizi wa kwenye basi walimpunguza muhula uliopita. Mikono yangu ni miwili, shemeji, na yote iko kwenye usukani. Ulitaka aangukie barabarani?"

"Ungesema."

"Nilisema. Nikaambiwa nivumilie. Wewe ninyamazie tu, nitatafuta kitambaa laini."

Kitambaa laini. Maneno hayo yalimfuata siku nzima. Akajiambia kwamba hatari ya mlango ni ya kweli, kwamba shemeji ana watoto wanne, kwamba akifukuzwa, kwa mama mkwe hapatakalika. Jumanne alinyamaza. Jumatano alizipaka mafuta zile alama, akanyamaza tena. Alhamisi jioni Kipepeo aliliona basi kupitia dirishani, akajikojolea, kisha akainyoosha mikono yake mbele, ameikutanisha vizuri, tayari kwa kufungwa.

Bi Taratibu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu akaeleza yote, pamoja na ukimya wake. Mama wa mtoto akapigiwa simu.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Alifika na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani ni bangili zinambana," alisema. "Nikazikata. Alizipenda sana."

Dereva alifukuzwa kesho yake. Aliyempunguza msaidizi wa kwenye basi hakuulizwa kitu. Bi Taratibu alipewa barua ya onyo, kisha akaongezewa zamu ya basi juu ya kazi zake zote. Mama mkwe alisema kikulacho ki nguoni mwako, akakata mguu. Mumewe hakugombana naye, aliacha tu kumsemesha, akawa anapitishia maneno kwa watoto: "Mwambieni mama yenu chumvi imezidi."

Hakujutia kusema. Zile siku tatu ndizo zilizomkosesha raha.

Kila asubuhi alishuka kituoni kumpokea Kipepeo, na mama yake alimkabidhi bila salamu, macho kwingine. Wiki ziliyoyoma hivyo. Kisha asubuhi moja, mlango ukiwa karibu kufungwa, yule fundi akasogea.

"Leo hajanywa chai, amekataa," alisema. "Mkifika mpe kitu."

"Sawa, mama."

Basi likaondoka. Bi Taratibu alikaa upande wa mlangoni, na Kipepeo akamgeuzia kisogo, akitazama barabara.