Kanda Haijifuti

Kwa miaka ishirini na minane mtu aliyeitwa Tayari alipiga video za shughuli za watu: arusi, mahafali, misiba, siku za kuzaliwa. Jina lake halisi alilitumia mkewe peke yake, na mkewe alikwisha fariki. Wengine wote walimwita kwa neno alilolisema kabla ya kubonyeza kitufe: "Tayari?" Alilisema kwa kuuliza, akasubiri jibu. Asipojibiwa, hakupiga.

Alikuwa mtu wa masharti. Hakumpiga mtu akiwa na chakula mdomoni. Hakumpiga anayelia mpaka amwombe ruhusa, na akikataliwa aliishusha kamera ikatazama sakafu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja unaofungukia barabarani, pazia jeusi, meza mbili, na rafu ndefu iliyojaa kanda. Hapo alihifadhi kanda mama, yaani zile zilizotoka ndani ya kamera yenyewe. Mteja alipewa nakala. Kila kanda mama ilibandikwa karatasi ubavuni: tarehe, familia, shughuli. Nakala ya mtu ikitafunwa na mashine, alirudi kwa Tayari akatolewa nyingine. Ndiyo maana watu walimwamini. Hawakumlipa kwa kupiga tu, walimlipa kwa kutunza.

Kisha zikaja picha kali. Muuza vifaa mmoja alimwita dukani, akamkalisha mbele ya televisheni bapa, akamwonyesha nyuki juu ya ua.

"Unauona unyoya kwenye mguu wa nyuki?"

"Nauona."

"Kanda zako zina unyoya?"

"Kanda zangu hazina nyuki."

Muuzaji alicheka sana, lakini Tayari alitoka pale akiwa amekwisha naswa. Siku zile zilishindana aina mbili za diski za picha kali. Kwa macho zilifanana kama pacha, ila mashine ya moja haikuisoma nyingine, na kila moja ilikuwa na kampuni zake zilizoapa kwamba kesho ni yake. Nani angeshinda, hakuna aliyejua. Tayari alichagua ile aliyokuwa nayo muuzaji.

Akanunua mashine ya kuandikia diski hizo. Akahamisha kanda mama za familia sitini, na kila familia aliiambia: "Hii itawafikia wajukuu." Hakuwa na haki ya kusema hivyo. Hakulijua hilo, aliyarudia tu maneno ya mtu mwenye mali ya kuuza. Mashine yenyewe, aliwaambia, itaingia kila nyumba baada ya mwaka mmoja, na kwa sasa diski watunziwe kwake.

Kosa kubwa lilikuja baadaye. Kanda mpya zilikuwa adimu, na bei yake ilipanda kila mwezi. Rafuni zilikuwapo kanda sitini ambazo yaliyomo yamekwisha hamishwa. Akazichukua moja moja, akarekodi shughuli mpya juu ya za zamani. Alijiona mwekevu.

Haikupita miaka miwili, diski aliyoichagua ikashindwa. Kampuni zake zilitoa tangazo fupi, viwanda vikaacha kuitengeneza. Muda si mrefu jicho la mashine yake, lile linalosoma diski, likafifia, na kifaa cha kulibadilisha hakikupatikana popote. Alizifungia diski sitini ndani ya kabati la bati. Aliyekuja kuulizia ya kwake aliambiwa: "Mashine iko kwa fundi."

Alilisema hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Watu wakapata simu zenye kamera, wakaacha kuuliza.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani wa mtaa wa pili, mjane wa rafiki yake. Hakukaa.

"Shemeji, naitaka ile ya siku mtoto alipotimiza mwaka. Baba yake alisimama akazungumza. Nakala yangu iliota ukungu tulipohama. Sasa mtoto ana miaka kumi na tisa. Jana kaniuliza sauti ya baba yake ilikuwa nene au nyembamba. Nimeshindwa kumjibu. Mimi mwenyewe naanza kuisahau."

"Mashine iko kwa fundi, shemeji."

"Uliniambia hivyo mtoto akiwa darasa la pili. Huyo fundi anaitengeneza au anaizaa?"

Tayari alicheka. Mjane hakucheka. Alisema angerudi wiki ijayo, akaondoka na mkasi wake mkononi.

Mchana ule Tayari alikula na binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza simu. Alimweleza habari ya mjane, akidhani anaeleza habari ya mashine.

"Basi chukua kanda mama uihamishe upya," binti alisema. "Kamera ya kuichezea si unayo bado?"

"Kanda zilifutika."

Binti aliweka kijiko chini. "Zilifutika vipi?"

"Zilirekodiwa juu."

"Na nani?"

Tayari alimega chakula asikile.

"Baba," binti alisema, "kanda haijifuti."

Lugha yetu ni karimu kwa wakosaji. Kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, ahadi imesahaulika; kitendo kinabaki mezani, mtendaji amekwisha toka nje. Mtoto wa miaka mitatu anaijua hila hiyo, na wazee wanazeeka nayo. Tayari aliishi ndani ya herufi chache za neno "zilifutika" kama mtu anavyoishi katika nyumba isiyo yake, akiwa na hakika kwamba mwenye nyumba hatarudi.

Binti hakumsema zaidi. Alimwambia tu kwamba kampuni moja ya gemu iliwahi kuuza kiboksi cha pembeni cha kusoma diski za aina ile, kikichomekwa kwenye mashine yake ya michezo. Mtu pekee mjini anayeweza kuwa nacho, alisema, ni Mama Gemu.

Hilo lilikuwa gumu kumeza. Mama Gemu alikuwa na chumba cha kuchezesha michezo ya televisheni, na Tayari alikwisha simama mbele ya kikao cha wazazi shuleni akakiita chumba hicho shimo la kupotezea watoto. Hata hivyo kesho yake alipiga hodi.

"Karibu. Ala! Tayari mwenyewe? Umekuja kulifukia shimo au kutumbukia?"

"Nimekuja kuomba."

"Kaa basi. Hicho kiti cha wapotevu, lakini hakiumi."

Alimweleza. Mama Gemu alisikiliza huku akifuta vumbi kwenye televisheni zake nne, kisha akaingia stoo, akarudi na mashine ya zamani na kile kiboksi, vyote vimefungwa kwenye shuka.

"Mimi situpi kitu kinachosoma," alisema. "Iangalie ile mpya pale. Haina hata tundu la diski. Mchezo unashuka kwa mtandao. Wanasema ndiyo kesho yenyewe hiyo. Siku wakiuchoka wanauzima huko huko waliko, mimi hapa nabaki nakitazama kioo. Kikali kweli, unaweza kuhesabu majani uwanjani. Lakini ni cheusi." Akamkabidhi waya. "Utafanyia hapa hapa, asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Sitaki wakuone wakadhani nimeokoka."

Kwa siku tatu Tayari na binti yake walikaa mbele ya televisheni ya Mama Gemu, kompyuta pembeni ikinakili. Diski thelathini na nane zilifunguka. Ishirini na mbili zilikataa, na ya mjane ilikuwa mojawapo. Ilianza vizuri. Mwanamume mwenye shati jeupe aliinuka kwenye kiti, akaweka sawa ukosi, akafungua kinywa. Hapo picha ikaganda. Walijaribu mara nne, na mara zote nne alibaki mdomo wazi bila sauti.

Mama Gemu aliishika diski ile dirishani. Ukingo wake ulikuwa umepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani.

"Rangi ya ndani imekufa," alisema. "Hizi za kuandikia nyumbani ndivyo zilivyo. Ungeileta miaka kumi nyuma ingesoma."

"Mashine hii ulikuwa nayo wakati huo?"

"Nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa kwenye kikao cha wazazi, ukiniita shimo."

Tayari alikuwa amejihesabia kosa moja, la kufuta, na sasa alioneshwa la pili. Lile la kwanza alilitenda kwa ujinga. La pili alilitenda kwa maneno manne, kila mara mtu alipobisha mlango wake, na maneno hayo ndiyo yaliyoiua diski.

Binti alitaka kumsindikiza kwa mjane. Alikataa. Alimkuta fundi cherehani kwenye mashine yake akishona sare za shule, na mtoto wake yule, msichana wa miaka kumi na tisa, akitia vifungo. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Shemeji, mashine haikuwa kwa fundi. Haikuwahi kwenda kwa fundi. Diski imekufa kabatini kwangu. Na kanda mama niliifuta mimi, kwa mkono wangu, nikarekodi shughuli nyingine juu yake, kwa sababu sikutaka kununua kanda mpya."

Cherehani ilinyamaza.

"Shughuli ya nani?" mjane aliuliza.

"Mahafali. Ya chuo cha ualimu."

"Yalikuwa mazuri?"

"Ya kawaida."

"Ya kawaida," mjane alirudia, akaitazama sindano.

Msichana ndiye aliyeuliza tena, kama mtu anayetaka kujua tu ukubwa wa hasara. "Baba mdogo, hayo mahafali yalichukua muda gani?"

"Dakika arobaini na tisa," Tayari alijibu. Vitu hivyo hakuwahi kuvisahau.

"Na kanda ni ya dakika ngapi?"

"Sitini."

Alisikia alichosema: dakika kumi na moja za mwisho hakuzigusa. Neno "zilifutika" linaifunika kanda yote, mwanzo hadi mwisho, na aliyekwisha kujiambia hivyo haoni haja ya kwenda kutazama. Hakuwahi kwenda kutazama.

"Hotuba ilikuwa mwanzoni," aliwaambia upesi, asije akawapa tumaini la uongo. "Hotuba haipo. Hilo nina hakika nalo."

Walikwenda wote watatu. Kanda ilikuwa rafuni na karatasi yake ya mahafali. Aliitia ndani ya kamera ya zamani, akaisogeza mbele, wakasongamana kwenye kioo kidogo kama kiberiti. Wahitimu walipita, wakatoweka, mistari ikakatiza, kisha ukatokea ua wenye viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Inaonekana kamera iliwekwa mezani, ikasahauliwa inaenda. Hakuonekana mtu. Lakini pembeni mwanamume alikuwa akisema:

"Sita sita, bwana, vikizidi vitaanguka. Na huyu mtoto mchukueni, anavua watu suruali."

Watu wakacheka. Mtoto akalia, mwanamume akambembeleza kwa sauti ya chini, dakika moja hivi. Kisha mtu akaja akaizima kamera.

"Nyembamba," msichana alisema. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Mama, ni nyembamba."

Mama yake aliitikia kwa kichwa. Tayari alisimama nyuma yao, akiwa hajui aweke wapi macho. Baadaye mjane alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akageuka.

"Ziko ngapi nyingine zilizokufa?"

"Ishirini na moja."

"Umewaambia wenyewe?"

"Bado."

"Utakwenda kwa kila mmoja. Na usianze na habari za mwisho wa kanda, shemeji. Mwisho huo unaweza kuwa na kitu, unaweza usiwe na kitu. Anza kwa kusema ulifuta. Wakishakusikia, ndipo useme mengine."

"Nitafanya hivyo."

"Mimi sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja kukuambia mwenyewe."

Tayari alikubali. Alitoa kanda kwenye kamera, akabandua karatasi ya mahafali, akaandika nyingine, akampa msichana kanda hiyo. Kisha akachukua orodha ya familia ishirini na moja, akafunga mlango, akaanza na ya karibu.